Mtunzi na Mwandishi: Kazi za Wanawake katika Historia ya Maneno Mawili

Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayowakabili watu wanaoshughulika na istilahi za fasihi limo moja linaloonekana jepesi mpaka mtu ajaribu kulijibu: je, mtunzi na mwandishi ni mtu mmoja? Katika mazungumzo ya kila siku tunayatumia maneno hayo bila ya kuyapambanua. Twasema mtunzi wa riwaya, twasema mwandishi wa riwaya, na msikilizaji haoni tofauti. Lakini anayekaa kuandaa orodha ya watu waliojenga fasihi ya Kiswahili, iwe ni orodha ya maktaba, ya kitabu cha shule au ya kamusi ya wasifu, hutambua upesi kuwa maneno haya mawili hayafungui mlango mmoja. Akiipa orodha yake jina la "Waandishi", wako watakaobaki nje. Akiiita "Watunzi", baadhi yao wataingia. Na miongoni mwa wale wanaosubiri mlangoni, wanawake ni wengi.

Makala haya yanakusudia kuyafuata maneno hayo mawili kupitia kazi za baadhi ya wanawake, tangu karne ya 19 hadi siku zetu. Hoja yetu ni kwamba historia ya wanawake katika fasihi ya Kiswahili ni historia ya kutunga na kuandika, kazi mbili ambazo mara nyingine zilitenganishwa na mazingira na mara nyingine zikakutana katika mtu mmoja. Anayetumia neno moja tu kwa yote huipoteza nusu ya historia hiyo.

Umbo na maana

Kwa upande wa umbo hapana fumbo kubwa. Kitenzi "tunga" hutupatia mtunzi, na kitenzi "andika" hutupatia mwandishi, kwa kanuni ile ile inayotupatia mlinzi kutokana na "linda" na mpishi kutokana na "pika". Maneno yote mawili yamo katika ngeli ya watu, nayo ngeli hiyo haibagui mwanamume na mwanamke. Wasemaji wa Kifaransa wamebishana kwa muda mrefu juu ya umbo gani la neno limfae mwandishi aliye mwanamke. Sisi lugha yetu imetuepusha na ubishi huo. Hata hivyo, tusijisifu haraka. Sikilizeni katika mihadhara na katika magazeti: husemwa "mwandishi wa kike", lakini ni nadra kusikia "mwandishi wa kiume". Sarufi haikubagua; waliobagua ni watumiaji, kwa kumchukulia mwanamume kuwa ndiye mwandishi wa kawaida asiyehitaji kuelezwa.

Kwa upande wa maana, vitenzi hivi vyote viwili ni vikongwe kuliko kalamu. Kutunga ni kupitisha uzi, kama watungavyo shanga au samaki. Mimba nayo hutungwa, na usaha hutunga. Kiini cha neno ni kukusanya vitu vilivyotawanyika mpaka viwe kitu kimoja kinachoshikana. Kuandika nako ni kupanga na kutandaza, na ndiyo maana hata leo wako wasemao kuandika meza au kuandika chakula. Baadaye neno likahamia kwenye karatasi. Mtunzi basi ni yule anayeunganisha, na mwandishi ni yule anayepanga juu ya kitu kionekanacho. Katika matumizi ya zamani mwandishi aliweza kuwa karani au mnakili, mtu anayeweka kwenye karatasi maneno ya mwingine. Ni kukua kwa uchapaji wa vitabu ndiko kulikompandisha cheo mwandishi hata akakaribia kumeza jina la mtunzi.

Mwana Kupona: wino, karatasi na binti

Tuanze kaskazini mwa pwani. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate mnamo mwaka 1810. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu, aliyeupinga kwa miaka mingi utawala wa Sultani wa Zanzibar na ambaye alifariki mwaka 1856. Mnamo mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, Mwana Kupona alitunga utendi wa kumwusia binti yake, Mwana Hashima. Utendi huo wa beti zipatazo 100 ulinakiliwa kwa hati za Kiarabu na kuhifadhiwa vifuani mwa watu. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha kwa hati za Kilatini pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Mengi yamesemwa juu ya mafunzo yaliyomo: wajibu kwa Mwenyezi Mungu, kwa mume, kwa jamaa na kwa jirani. Wako wanaoyasoma kuwa ni mafunzo ya utiifu mtupu, na wako wanaoona humo mama mwenye busara akimpa mwanawe silaha za kuishi katika nyumba na mji aliomo. Sisi hapa twataka kuangalia jambo jingine, nalo liko mwanzoni kabisa. Mama anamweleza binti kuwa maradhi yamemshika mwaka mzima, kisha anamwita akae karibu naye akiwa na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni mwake mna maneno anayotaka kumwambia.

Tazameni jinsi kazi zilivyogawanywa. Maneno yamo moyoni mwa mama. Wino umo mkononi mwa binti. Tukishika maana ya kale ya maneno yetu, mama ndiye mtunzi na binti ndiye mwandishi. Mgawanyo huo haumpunguzii Mwana Kupona lolote. Unatuonyesha tu kwamba katika chumba kimoja, kazi zote mbili zilikuwa mikononi mwa wanawake. Tena kuelekea mwisho mtunzi anawageukia wanawake wengine na kuwahimiza wausome utendi huo na kuufahamu. Mtu hawahimizi kusoma watu asiotarajia kuwa wasomaji. Kwa hiyo, anayedhani kwamba mwanamke wa Kiswahili alikutana na maandishi kwa mara ya kwanza katika shule za kikoloni hana budi kuurudia utendi huo.

Siti binti Saad: utunzi bila ya kalamu

Mfano wa pili ni kinyume cha ule wa kwanza. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika familia ya watumwa, na jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Hakupata nafasi ya kwenda shule. Aliuza vyungu, akitembea na kunadi bidhaa yake kwa sauti ambayo watu waliitambua kabla ya kumwona. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza uimbaji na muziki, na hatimaye akawa na kundi lake la taarabu. Mwaka 1928 yeye na wenziwe walisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo katika sahani za santuri. Zama hizo taarabu ya majumba ya wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu; Siti aliimba kwa Kiswahili, na santuri zikaipeleka lugha hiyo mbali na kisiwa chake.

Nyimbo za kundi hilo zilitungwa kutokana na habari za mji: kesi za mahakamani, mapenzi, dhuluma za wenye nguvu. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, unahusu mauaji ya mwanamke na mtuhumiwa aliyetoroka. Mara nyingi utunzi wenyewe ulikuwa wa pamoja, mmoja akileta neno, mwingine akilirekebisha, na sauti ya Siti ikiamua ni neno lipi linakaa. Je, mtu huyu tumwite nani? Mwimbaji, bila shaka. Mtunzi pia, kwa kuwa alikuwa katika kazi ya kuunganisha maneno. Lakini mwandishi hapana, na hapo ndipo orodha nyingi zinapomwacha.

Jambo la kufikirisha ni kwamba Siti aliingia katika fasihi iliyoandikwa kwa kalamu ya mtu mwingine. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kitabu hicho ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya wasifu katika Kiswahili. Kwa hiyo katika rafu za maktaba zetu Siti ni somo la kitabu, wala si mwenye kitabu. Sahani zake za santuri, ambazo ndizo maandishi yake kama tungetaka kuzisoma kwa masikio, haziko katika rafu ile.

Kalamu na jukwaa

Mwaka 1967 ulipotangazwa Azimio la Arusha, ndio mwaka ambao Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa nchini Tanzania. Katika miaka iliyofuata kikazuka kizazi cha wanawake waliosoma hadi Chuo Kikuu na kuamua kuandika kwa Kiswahili. Katika kizazi hiki mtunzi na mwandishi walikutana katika mtu mmoja. Lakini mara walipokutana, kazi zikazidi kuongezeka.

Penina Muhando, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Penina Mlama, alizaliwa mwaka 1948 mkoani Morogoro. Alitoa mchezo wa Hatia mwaka 1972, Tambueni Haki Zetu mwaka 1973, Heshima Yangu mwaka 1974, na michezo mingine ikafuata. Katika Nguzo Mama, iliyochapishwa mwaka 1982, wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo, na nguzo haisimami kwa kuwa kila mmoja anavutwa na shida zake. Mwaka 1984 alitoa Lina Ubani. Jina hilo peke yake lafaa kutazamwa na mwanaistilahi. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Mtunzi ameichukua methali, akaikanusha, na kudai kwamba uovu uliooza katika nchi unaweza kupatiwa dawa. Kwa maneno mawili tu amebishana na wahenga.

Amandina Lihamba, aliyezaliwa mwaka 1944, amekuwa mwigizaji, mwongozaji, mwalimu na mtunzi kwa wakati mmoja. Hawala ya Fedha, iliyochapishwa mwaka 1980, ni mchezo alioujenga juu ya hadithi ya Sembène Ousmane wa Senegali. Neno hawala lilikuwa limekwisha zoeleka katika biashara ya pwani na katika posta, nalo likamwezesha mzee wa Dakar kuingia katika Kiswahili bila ya kubisha hodi. Kazi ya namna hii haiitwi tafsiri tu, wala haiitwi utunzi tu. Ni kuhamisha kisa kutoka riwaya kwenda jukwaani na kutoka nchi moja kwenda nyingine.

Ndyanao Balisidya alitoa riwaya ya Shida mwaka 1975, inayohusu vijana wanaoondoka kijijini kwenda kutafuta maisha mjini. Mwaka huo huo Martha Mvungi alitoa vitabu viwili: Hana Hatia kwa Kiswahili, na Three Solid Stones kwa Kiingereza, kitabu cha hadithi zilizotokana na masimulizi aliyoyakusanya. Mawe matatu ya jina hilo ni mafiga, yale yale ambayo pembeni yake hadithi za usiku zilisimuliwa na wanawake wasioandikwa katika orodha yoyote. Mwaka 1982 Lihamba, Muhando na Balisidya walichapisha pamoja Harakati za Ukombozi. Utunzi wa pamoja tuliouona katika kundi la Siti ulirudi, safari hii ukiwa na kalamu. Zainab Burhani wa Zanzibar alitoa Mali ya Maskini mwaka 1981, na nchini Kenya Ari Katini Mwachofi akatoa mchezo wa Mama Ee mwaka 1987.

Wanawake na uundaji wa istilahi

Jambo moja katika kazi za kizazi hiki halikupewa uzito unaostahili, nalo linaligusa jarida kama hili moja kwa moja. Wanawake hawa walitunga kazi, na pia walishiriki kuunda lugha ya kuzieleza. Mwaka 1976 Balisidya na Muhando walichapisha kitabu kiitwacho Fasihi na Sanaa za Maonyesho. Kabla ya hapo aliyetaka kuizungumzia taaluma hii kwa Kiswahili alilazimika kutumia "mchezo wa kuigiza" au kuazima neno la Kiingereza. Istilahi hizo zote zilimwelekeza msomaji kwenye mchezo ulioandikwa, wenye wahusika na mazungumzo, unaochezwa katika ukumbi.

"Sanaa za maonyesho" ni istilahi yenye mlango mpana zaidi. Msingi wake ni kuwapo kwa jambo linalotendwa, mtendaji, mahali pa kutendea na watazamaji. Karatasi haimo katika msingi huo. Kwa sababu hiyo ngoma, majigambo, utambaji wa hadithi na sherehe za jando na unyago zinaingia kwa haki yake, wala si kama vitu vya kale vinavyoonewa huruma. Na katika unyago na utambaji wa hadithi, wanaoongoza na kufundisha ni wanawake. Istilahi moja iliyochaguliwa vizuri iliwarudisha ndani watu ambao neno "mwandishi" lilikuwa limewaacha nje.

Istilahi hiyo haikubaki vitabuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mlama, Lihamba na wenzao walikwenda Malya, mkoani Mwanza, kufanya kazi na wanakijiji, ambao walitumia sanaa zao wenyewe kuyachambua matatizo yao. Mwaka 1996 ukaanzishwa mradi wa Tuseme, ambao Mlama alikuwa miongoni mwa waasisi wake, na ambamo wasichana wa shule za sekondari hutumia sanaa za maonyesho kueleza yanayowazuia kusoma. Tuseme ni kitenzi chenye kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi, nacho kimekuwa nomino ya pekee inayotumiwa hata nje ya Tanzania.

Kalamu, jukwaa, na mtambo wa chapa

Ilikuwa imebaki hatua moja. Mtu aweza kutunga na kuandika, lakini uamuzi wa kipi kichapwe na kipi kirudishwe ukawa wa mwingine. Mwaka 1989 Elieshi Lema na Demere Kitunga walianzisha kampuni ya uchapishaji ya E & D mjini Dar es Salaam. Lema ameandika vitabu vingi vya watoto kwa Kiswahili, na mwaka 2001 alitoa riwaya ya Parched Earth kwa Kiingereza. Katika maisha yake wamo mtunzi, mwandishi, mhariri na mchapishaji. Ukimwita mwandishi tu, umesema kweli, lakini umesema robo.

Pingamizi na pendekezo

Yamkini msomaji atauliza: kama neno mwandishi linawaacha nje watu wengi, kwa nini tusilipanue likawakusanya wote? Kwa nini tusimwite Siti mwandishi, naye akapata heshima yake?

Pingamizi hilo ni la haki, lakini tunaona kuwa upanuzi huo ungeleta hasara. Tukimwita Siti mwandishi, tutakuwa tumeficha dhuluma aliyotendewa. Kalamu haikumpita kwa bahati mbaya. Alizaliwa katika hali ambayo watoto wa watumwa, na zaidi wasichana, hawakupelekwa shule. Neno la heshima lisitumike kufunika jambo lililotokea. Kinyume chake nacho hakifai: tukisema kwamba kutunga kunatosha na kuandika si kitu, tutakuwa tumewadharau wale waliopigania kalamu hadi wakaipata. Kwa hiyo twahitaji maneno yote mawili, kila moja likibaki na maana yake. Mtunzi hutuambia juu ya sanaa ya mtu. Mwandishi hutuambia juu ya kalamu, na kwa hiyo hutuambia pia juu ya shule, fedha na ruhusa.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu kwa wale wanaoandaa kamusi, orodha na vitabu vya shule:

(a) Neno mtunzi litumike kuwa jina la jumla kwa kila aliyebuni kazi ya fasihi, iwe imeandikwa, imeimbwa au imetendwa. Na mwandishi litengewe aliyeiandika.

(b) Mtu aliyefanya kazi nyingi atajwe kwa kazi zake zote. Kiswahili kina maneno ya kutosha: mghani, mwimbaji, mtambaji, mwigizaji, mwongozaji, mfasiri, mhariri, mchapishaji. Si lazima kumbana mtu katika neno moja kwa ajili ya kuokoa wino.

(c) Maneno "wa kike" yasiongezwe baada ya mwandishi au mtunzi isipokuwa pale ambapo jambo linalozungumzwa linahusu jinsia yenyewe. Palipo na haja hiyo, waelezwe pia wanaume kuwa ni wanaume.

Hitimisho

Mwana Kupona alikuwa na maneno, naye binti akaleta wino. Siti alikuwa na maneno na hakuletewa wino, akaandikwa na mwingine. Muhando, Balisidya, Lihamba na Mvungi walishika maneno na wino kwa pamoja, na baadhi yao wakaunda hata majina ya kuiita kazi yao. Lema na Kitunga wakaongeza mtambo. Hizi si hatua za ngazi ambayo aliye juu anamzidi aliye chini, kwa maana utendi wa mwaka 1858 ungali unasomwa na sauti iliyonaswa mwaka 1928 ingali inasikilizwa. Zilizobadilika ni nyenzo, na kila nyenzo iliongeza kazi nyingine katika mikono ile ile.

Kazi iliyo mbele ya wanaistilahi haijakwisha. Katika lugha zetu za bara na katika lahaja za pwani yamo maneno ya kumwita mwanamke anayeongoza nyimbo za harusi, anayeomboleza msibani, anayefundisha kwa mafumbo katika unyago, na anayetamba hadithi jioni. Mengi ya maneno hayo hayamo katika kamusi, na wanaoyajua wanazidi kuzeeka. Ndugu wasomaji, yakusanyeni: liandikeni neno, mahali linaposemwa, kazi ya mtu anayeitwa hivyo na mfano mmoja wa matumizi yake. Neno likishapotea, mwenye kazi hiyo hubaki bila ya jina, na asiye na jina haingii katika orodha yoyote, hata mwenye kuiandaa akiwa na nia njema kiasi gani.